Je, Lila Aliulizwa?

Kapata, Kolwezi

Dada yangu Subilaga,

Ugonile, dada. Ugonile tena, maana najua salamu moja haikutoshi kutoka kwa mtu aliyekaa kimya tangu mvua za kwanza. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote yapo. Wewe je, mgongo umetulia? Bado unapanda kule juu kuchuma chai, au umesikia maneno ya daktari angalau mara moja katika maisha yako? Na wanao, na migomba nyuma ya jiko, na yule ng'ombe mwenye kiburi, wote hawajambo?

Barua hii inaletwa na dereva mmoja wa Uyole anayepeleka shaba bandarini Dar. Amenipa neno lake kwamba akifika Mbeya atapanda Hiace hadi Tukuyu na kukukabidhi mwenyewe. Mpe chakula, tafadhali, siyo chai tu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu zetu unazijua: ukianza kulia mimi nakata, nikianza kujieleza wewe unasema mtandao mbaya.

Uliniuliza neno moja tu: narudi au sirudi? Umenishikia fremu ya gereji pale karibu na stendi, mwenye fremu anataka jibu, na umechoka kumpiga danadana. Una haki. Nitakujibu humu humu, lakini jibu lenyewe huwezi kulielewa mpaka kwanza umjue bibi mmoja wa hapa Kapata anayeitwa Mama Kapinga, na gari moja la Kijapani lililokufa kabla baba yetu hajazaliwa. Usicheke. Injika maji ya chai, ukae.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, ngoja nikueleze. Magari ya Japani yanakuja na usukani kulia, sawa na huko kwetu. Huku wanapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani lazima uwe kushoto. Basi mtu akishafikisha gari lake, analileta kwetu tumhamishie usukani. Tunafungua dashibodi yote, tunakata, tunachomelea, tunahamisha pedali, na siku tunapomaliza dereva anakaa upande mwingine na anatafuta gia mlangoni. Wananiita Tata Usukani, yaani Baba Usukani. Mwanzoni nilikasirika, sasa hata mimi mwenyewe naitika.

Gereji si yangu. Ni ya Tata Kazadi, mtu wa rika la kaka yetu mkubwa, mnene kidogo, mcheshi, mwenye asili ya Kasai. Babu yake aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, baba yake akazaliwa humu Kapata katika nyumba hizi za safu za kampuni, na yeye vivyo hivyo. Nilipofika huku sina hata godoro, ndiye aliyenipa pembe ya kulala na spana ya kushika. Hilo nalisema mapema ili usimwone mtu mbaya huko mbele.

Sasa, Kazadi ana ugonjwa mmoja: kuunda. Miaka kadhaa kabla yangu alianza kutengeneza magari yake mwenyewe, ya magurudumu matatu, kama maguta ya kwetu ya kubebea mizigo. Injini ya pikipiki, ekseli ya gari la Kijapani lililokufa, bodi ya mabati mazito anayokunja mwenyewe. Yanabeba unga, makaa, matofali, na magunia ya mawe ya wachimbaji kutoka upande wa mgodi uitwao Mashamba. Na kwa kuwa kila chombo lazima kiwe na jina, alikata sahani ya chuma, akaipaka rangi ya bluu, akaandika KAPINGA. Ndilo jina la mama yake. Mama yuko hai, tena hai sana.

Hapa ndipo mambo ya huku yanapoanza. Sisi tunaye wajina, unampa mtoto jina la shangazi, shangazi anafurahi, mambo yanaishia hapo. Hawa wanamwita ndoyi, na ndoyi ni kazi. Ukipewa jina la mtu aliye hai, huyo mtu ni wako na wewe ni wake. Anakuulizia ukiugua, anakuletea kitu mkononi, na likikupata jambo la aibu anainamisha kichwa yeye. Mama Kapinga aliichukua kazi hiyo vilevile kwa maguta. Kila moja likikamilika alikuja gerejini na kipande cha kikwembe chake, maana ndivyo wanavyoita kanga na vitenge huku, akakifunga kwenye usukani na kusema maneno kwa Kiluba. Akikutana na guta sokoni analisimamisha. Anamwuliza dereva, "Ndoyi yangu eko namna gani? Unamupa mafuta?" Dereva, hata awe na haraka vipi, anajibu kwa adabu.

Nilicheka sana siku za kwanza, halafu nikazoea. Hata mimi nikawa namwuliza dereva, "Kapinga ameamkaje?"

Shida iliingia mwaka huu. Maguta ya kiwandani yameanza kuja kwa makontena, yanameta, yana taa, yana honi ya muziki. Si imara, hilo nakuapia. Ukiyapakia magunia ya mawe ekseli inakunjika, na wenyewe wanatuletea tuwaongezee vyuma. Lakini mtu wa unga na mkate hana habari na ekseli, anataka kitu kipya cha leo leo. Wateja wa Kazadi wakapungua, akawa anakaa juu ya tairi anatazama barabara. Wakati huohuo shemeji yake akampatia nafasi Fungurume, kwenye mgodi, ufundi wa mitambo mikubwa. Kazi ya mkataba, na matibabu ya mke na watoto. Mke wake ana ugonjwa wa sukari, dada. Nafasi ya namna hiyo huku haiji mara mbili.

Siku aliyoniambia tulikuwa chini ya gari, uso kwa uso na sampu ya oili.

"Tata Lusajo," akasema, "minataka kwenda. Lakini nikienda, hakuna mutu wa kuunda ingine, Kapinga inakufa. Na mama eko muzima. Nitamwambia nini?"

Nikamwambia amweleze tu ukweli. Akanitazama vile wanavyonitazama ninapotamka maneno yangu ya Kibongo.

"Kumutosha mutu jina wakati anapumua, ni kumuchimbia shimo," akasema; kutosha kwao ni kutoa. "Kapata yote itasema Kazadi amezika mama yake. Na yeye mwenyewe, akianguka mugonjwa, mi nitabeba ile kitu mpaka nikufe."

Basi ikawa hivyo. Kazadi hawezi kwenda mpaka jambo la jina liishe, jina haliishi mpaka mama aambiwe, na mama haambiwi. Na mimi hapo katikati. Kazadi akienda na kufunga mlango, narudi kwetu, fremu yako naichukua kwa mikono miwili. Akibaki, nabaki. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya wangu wote huu.

Sasa sikiliza jinsi Japani ilivyoingia.

Mama Kapinga uani kwake ana Datsun pikapu ya marehemu mumewe. Imekaa juu ya matofali, haina injini, kuku wanataga mle ndani. Jumapili moja nilikuwa namsaidia kuziba bati la jiko, nikapumzika nimeegemea boneti, jicho likaanguka kwenye yale maandishi. Nimefungua Datsun ngapi maishani mwangu? Tulijifunza gari kwenye Datsun ya mwalimu, unakumbuka. Lakini sikuwahi kujiuliza: Datsun ni nani? Kama Kapinga ni mtu, huyu naye si alikuwa mtu? Nikatoa simu nikaanza kusoma, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa ovyo. Nakula nasoma, nangoja rangi ikauke nasoma. Unajua nilivyo nikishikwa na jambo, ulinichapa kwa sababu ya ile redio niliyoifungua nione msemaji amekaa wapi.

Datsun si mtu, dada. Ni mtoto. Hapo zamani pale Tokyo palikuwa na fundi aliyetaka Wajapani waunde gari lao wenyewe. Waheshimiwa watatu wakamshika mkono, naye kwa shukrani akachukua herufi ya kwanza ya jina la kila mmoja, akaliita gari DAT. Baadaye sana lilipozaliwa gari dogo, likaitwa mwana wa DAT, na jina likageuzwa kidogo hadi likawa hili tunalolijua. Mpaka hapo nikaridhika. Lakini nilipofuata nyuma zaidi nikakuta kwamba mwana huyu alikuwa na mama, na mama huyo karibu hakuna anayemtaja. Anaitwa Lila.

Lila halikutoka Tokyo, lilitoka Osaka, miaka mia moja hivi iliyopita. Na mwanzo wake utakuchekesha. Mhandisi mmoja Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani alikuwa na rafiki ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Akamtengenezea kigari cha kumtembeza, cha magurudumu matatu. Matatu, dada, guta! Watu wa Osaka wakakiona, wakakipenda, wakafungua kiwanda wakiunde kwa wingi. Dereva alikaa mbele akigeuza kwa fimbo, abiria nyuma. Tatizo likawa moja: likikata kona, linaanguka.

Nilipofika hapo nilikimbia kumtafuta Kazadi. Maguta yetu nayo kwenye ile kona ya barabara ya Mashamba yanalala ubavu mpaka tumeacha kushangaa. Alicheka akapiga paja. "Kumbe haiko siye tu!" akasema. "Na bazungu na Bajaponi nabo banaanguka!" Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu habari ya Fungurume.

Wale wa Osaka wakaongeza gurudumu la nne. Halafu wakalichora gari upya, dogo, jepesi, lenye usukani wa duara, wakalipa jina la Lila. Likaishi miaka michache tu. Magari ya Kimarekani yalikuwa yanashuka bandarini, makubwa, imara, kwa bei ambayo karakana ndogo haiwezi kuigusa, na baadaye Wamarekani wakaja kuyaunganisha palepale Japani. Kiwanda cha Lila kikashindwa, kikaungana na wale wa Tokyo wenye herufi tatu, na jina la Lila likawekwa chini. Lakini fundi aliyekaa akachora lile gari dogo, mwana wa DAT, alikuwa ametoka kwa Lila. Mikono yake ilijifunzia huko. Kwa hiyo pikapu ile ya kuku pale uani, ukiifuata nyuma hatua kwa hatua, inakufikisha kwake.

Nilichotaka kujua zaidi sikukipata. Lila alikuwa nani? Jina linasikika la kike. Mke wa mtu? Binti? Ua? Nimesoma hiki na kile, kila mmoja anaandika magurudumu na injini, na hakuna aliyenieleza jina lilitoka wapi. Na kama alikuwa mtu, siku walipolitoa jina lake, kuna aliyekwenda kumwambia? Swali hili lilinikaa kichwani nikifanya kazi. Nikawa namwona mama wa Osaka anapita barabarani, anatazama magari, hajioni tena.

Basi mimi na mdomo wangu tukaleta balaa. Katika hadithi yote hii, Kazadi alikamata kitu kimoja tu: zile herufi. Siku ya pili alikuja amenyoa ndevu, ana furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi.

"Baheshimiwa batatu," akasema, "jina yabo ilikuwa mu gari, na hakuna mutu alikuwa anaijua. Herufi tu! Tata, tunaikata Kapinga. Pole pole. Leo KAPI, kesho KA, kisha K. Ile K ikikauka na jua, nani ataona? Mama hatakufa, mi nitaenda Fungurume, Mungu ni muzuri."

Nikuambie kweli, niliona ni akili. Lugha yao, desturi yao, mama yao, mimi ni nani? Nilishika grenda, mashine ya kusagia chuma, mwenyewe. Kila guta lililokuja kwa matengenezo tukalipunguzia herufi na kupaka bluu juu ya jeraha. Madereva wengi hawakujali. Lakini mama mmoja muuza unga, mwenye Kapinga la zamani kuliko yote, alikuja kulichukua, akasimama mbele, akaisoma sahani mara mbili kwa kidole. Alipakia magunia yake akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kapinga kumpa pole ya ugonjwa.

Unaweza kufikiri kilichofuata. Jirani wa kushoto akasikia, wa kulia akasikia, akina mama wa kwaya wakafika na sukari na sabuni, wakamkuta mgonjwa anatwanga sombe, kisamvu cha huku. "Nani mugonjwa?" anauliza. "Ni weye, mama," wanamjibu, "banakukata jina mu garaji, tumeona KA." Huku wao wanamtazama wasione ugonjwa, yeye anawatazama aone wamelewa au vipi. Mpaka muuza unga akamweleza vizuri.

Jumapili baada ya misa tukaitwa, Kazadi na mimi. Tulikwenda tumevaa mashati ya kanisani, tumenyooka kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Alitupa bukari, yaani ugali, na sombe na samaki kwanza, tukala, na wewe unajua chakula kinavyokuwa kigumu kushuka ukijua fimbo iko nyuma yake. Mtoto wake akaanza kujieleza, akajikanyaga, akasema habari ya Fungurume, ya sukari ya mkewe, ya makontena, akalia. Mwanaume mzima, dada, na mimi macho yakaniwasha.

Mama akamwacha amalize. Ni mwembamba, bado ana nguvu zake, anavaa miwani ya marehemu mumewe.

"Unazani nilikuwa na furaha?" akauliza. "Kila siku mi napita mu barabara, nasikia: Kapinga iko na pane, haiwaki! Kapinga imeanguka mu matope! Kapinga inakunywa mafuta sana! Batu banacheka. Mama nzima, naitwa mulevi wa mafuta. Nilinyamaza juu ya nini? Juu weye ni mutoto yangu, na ile njo kazi yenye roho yako inapenda."

Kazadi akainua kichwa. Hilo hakuwahi kulifikiria hata kidogo, na wala mimi.

"Kama ungekuja kuniambia, mama, jina inachoka, tuipumuzishe, ningekupikia kuku," akaendelea. "Jina ya mutu banaiombaka pa kuingia, na banaiombaka pa kutoka. Weye pa kuingia ulibisha hodi. Pa kutoka ulipitia mu dirisha. Ile njo imeniuma. Kufa haikuniuma, mi nitakufa siku yangu."

Kazadi akapiga magoti. Akaomba msamaha kwa Kiluba, sikuelewa maneno ila nilielewa. Halafu mama akanigeukia mimi, nikatamani kuwa kuku ndani ya Datsun.

"Na weye, Tata Usukani. Ile hadisi ya Bajaponi ni weye uliileta?"

Nikakubali. Akataka aisikie, yote. Nikamsimulia kuanzia mguu mbovu wa yule rafiki hadi pikapu ya mumewe pale nje. Alisikiliza vizuri kuliko sisi wote, akiuliza maswali ya maana. Abiria walikuwa wananyeshewa? Fundi aliyehama alipata kazi nzuri? Nilipofika mwisho akauliza lile lile lililokuwa linanisumbua.

"Ule Lila, balimuuliza?"

"Sijui, mama. Nimetafuta. Hakuna aliyeandika hata alikuwa nani."

Akaifuta miwani kwa ncha ya kikwembe. "Masikini mwanamuke wa batu," akasema taratibu. "Basi mi niko na bahati. Mi nimeulizwa, hata kama ni kwa kuchelewa."

Akatoa hukumu. Kazadi aende Fungurume, tena upesi, mkewe asisubiri. Maguta yaliyoko barabarani yarudishiwe herufi zote, yabaki na jina lake mpaka kila moja life kifo chake lenyewe. Jipya lisitoke tena kwa jina la Kapinga. "Yangu imechoka," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza, na sisi tukapumua.

Kazadi ameshaondoka, dada. Aliwasili salama, mkewe ameshaonana na daktari. Na hapa ndipo nilipodhani mambo yangu yamekwisha, nikaanza kufunga mzigo wa kurudi. Lakini kabla ya kuondoka Kazadi aliniwekea funguo za gereji mkononi, akasema niamue mimi. Kazi za kuhamisha usukani zipo za kutosha. Na wachimbaji wawili wa upande wa Mashamba wamekuja kuniomba guta la kubeba mawe, wamechoka na yale ya kontena. Nimeunda moja, kwa mikono yangu, kwa kichwa changu. Nimelipa magurudumu manne. Nimelijaribu kwenye ile kona, limepita wima, na nilipiga kelele peke yangu barabarani hata watu wakageuka.

Nilikwenda kumwonyesha Mama Kapinga. Akalizunguka, akalipigapiga bodi.

"Na jina?" akauliza.

Nikamwambia nafikiria la mama yangu. Akauliza kama yuko hai. Nikasema alituacha nikiwa mdogo, hata sura yake naikumbuka kwa kuambiwa. Akauliza sasa ni nani aliyenilea, aliyenifunga mgongoni, aliyeuza ndizi ili nipate kwenda kwa mwalimu wa gari. Nikamtaja.

"Eko muzima?"

"Mzima kabisa, mama."

"Basi unangoja nini? Mwandikie."

Ndiyo maana ya barua hii, dada. Sikuja na jibu, nimekuja kuuliza. Nikiliandika jina lako kwenye guta hili maana yake nabaki huku, naunda mengine, na kule stendi umwambie mwenye fremu asitungoje. Na ujue unachojitwika: watasema Subilaga imekwama matopeni, Subilaga inakunywa mafuta, na mimi nitakuwa nawagombeza kila siku. Nimetamani kazi hii, siwezi kukuficha. Pia nakukumbuka sana, hasa Jumapili, hilo nalo siwezi kukuficha. Yote mawili ni kweli na sijui kuyapima. Ukisema usiandike, sitauliza kwa nini. Nitafunga gereji, nitamrudishia Kazadi funguo zake, nitapanda lori la kwanza, na utaniona nashuka pale stendi na sanduku langu.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie ile suruali aliyonipa bado naivaa. Msalimie shangazi Tupokigwe aliyenifundisha kusoma, na kaka mkubwa akiamua kuniongelesha. Wanao wabusu mmoja mmoja, na mdogo wa mwisho mwambie mjomba ameona kuku wanaoendesha Datsun. Baba mchungaji naye mpe heshima zangu. Lakini kuhusu hili la jina usimshauri hata mmoja wao, wala usimwachie shemeji akuamulie. Ni lako.

Dereva wa Uyole atapitia tena kwako akirudi na mzigo huku. Mpe neno moja tu, ndiyo au rudi. Mabati yanangoja, rangi ninayo, na mkono wangu umetulia, lakini kwako sipiti dirishani. Nimesimama mlangoni, dada. Hodi.

Mdogo wako,
Lusajo